Bingwa wa Basra Aliyekiri Kushindwa na Mto Nili

Tulipokuwa wadogo, jina la Basra tulilijua kwa tende kabla ya kulijua kwa wanavyuoni. Babu yangu alikuwa akitusimulia jinsi majahazi yalivyokuwa yakishuka na pepo za kaskazi, yamesheheni makanda ya tende za Basra, na jinsi watoto wa zama zake walivyokuwa wakizengea forodhani wakingoja kanda lipasuke. Baadaye, nilipokwisha kuhitimu chuoni na kuanza kujisomea vitabu mwenyewe, ndipo nilipofahamu kwamba mji ule ulitoa mambo matamu kuliko tende. Ulitoa mabingwa wa sarufi, ukatoa mawalii na washairi, na ukamtoa pia mtu ninayetaka kumzungumza leo, naye ni Abu Ali al-Hasan bin al-Hasan bin al-Haytham, ambaye Wazungu walimwita Alhazen.

Aghalabu mtu huyu hutajwa kwa elimu yake ya mwanga na macho. Mimi leo nataka kumtaja kwa jambo ambalo wengi wanaosimulia maisha yake hulipita upesi, kama kwamba ni aibu iliyofaa kusitiriwa. Jambo lenyewe ni kwamba aliahidi kuutawala Mto Nili, akaenda kuutazama kwa macho yake, kisha akarudi kukiri kwamba hawezi. Ninayo sababu ya kulichagua jambo hili, na sababu yenyewe nitaieleza mbele, maana inanihusu mimi mwenyewe na wala hainipi sifa.

Al-Hasan alizaliwa Basra karibu na mwaka 354 wa Hijra, sawa na mwaka 965 wa Miladi. Miaka minne tu baadaye, huko Misri, utawala wa Fatimia uliweka msingi wa mji mpya ulioitwa al-Qahira, yaani Kairo, na mara tu ukajengwa msikiti wa al-Azhar. Kwa hivyo bingwa wetu na mji atakaokuja kuzikwa walikuwa karibu rika moja, ingawa hawakujuana ila baada ya miaka mingi.

Kwao Basra alisoma hesabu, jiometri, falaki na hikima ya Wayunani. Vitabu vya Euclid na vya Batlamyus alivisoma mpaka vikamkaa kichwani, na sifa zake zikaenea miji mingi. Basi siku moja, kwa mujibu wa mwanahistoria Ibn al-Qifti, likamtoka neno. Alisema kwamba lau angekuwa Misri, angeufanyia Mto Nili kazi ambayo ingewafaa watu wakati wa kujaa kwake na wakati wa kupungua kwake. Alikuwa amesikia kwamba mto ule hushuka kutoka mahali pa juu penye mpaka wa Misri, na kwa elimu yake ya jiometri akaona kuwa mahali kama hapo maji yanaweza kuzuiwa na kufunguliwa kwa kipimo.

Ili msomaji aelewe uzito wa neno lile, ni lazima kwanza aujue Mto Nili wa zama zile. Misri haina masika kama yetu. Kila mwaka wakati wa joto mto ulikuwa ukifura kwa mvua za mbali huko Uhabeshi, ukavifunika viunga, kisha ukarudi mahali pake na kuacha tope jeusi lenye rutuba. Katika kisiwa cha Rawdha, Kairo, palijengwa mwaka 861 kisima chenye nguzo iliyochorwa alama za dhiraa, nacho kiliitwa Mikyas. Maji yakifika kiasi cha dhiraa 16, watu walishukuru, maana shibe ya mwaka imepatikana. Yakisimama chini ya hapo, bei ya nafaka ilipanda sokoni kabla hata ya njaa yenyewe kubisha hodi. Yakizidi mno, vijiji vilighariki. Nasi sote tuliokalishwa mikekani tunakijua kisa cha Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, na miaka saba ya ukame katika nchi ile ile. Isitoshe, miaka ipatayo 25 baada ya kufa Ibn al-Haytham, Misri ilipatwa na dhiki kuu ya zama za al-Mustansir, tangu 1065 hadi 1072, mto ulipokosa kujaa na watu wakafa wasio na hesabu. Kwa hivyo aliyesema kwamba anaweza kuutawala Mto Nili hakuwa akijigamba kwa jambo dogo. Alikuwa akiwaahidi watu uhai.

Neno lile likasafiri mpaka likamfikia Khalifa al-Hakim bi-Amri-llah, aliyeshika utawala mwaka 996 akiwa kijana wa miaka kumi na moja. Huyu alikuwa mpenda elimu, na mwaka 1005 alifungua Kairo nyumba ya maarifa iliyojaa vitabu na wanavyuoni. Lakini waandishi wa tarehe wanamtaja pia kuwa mwepesi wa kutunuku na mwepesi wa kuua. Wapo Waislamu wenzetu, hata hapa pwani, ambao kwao yeye ni imamu, na habari zake nyingi ziliandikwa na watu wasiokuwa wa madhehebu yake. Hata hivyo, tukipunguza nusu ya yaliyosemwa, yanayobaki yanatosha kumkosesha usingizi mgeni aliyekwenda na ahadi mkononi.

Al-Hakim akampelekea mali na kumsihi aende. Alipowasili, Khalifa mwenyewe alitoka nje ya mji, mpaka kijiji kiitwacho al-Khandaq, kumlaki. Hebu fikiri, msomaji, mtoto wa Basra ambaye mali yake ni kalamu na wino, analakiwa njiani na mtawala wa Misri. Akapewa muda wa kupumzika, kisha akaambiwa atimize alichokisema. Akapewa mafundi wa kujenga na watu wa kazi, wakaupanda mto kuelekea kusini, safari ya zaidi ya kilomita 800 hadi Aswan.

Njiani ndipo moyo wake ulipoanza kuingia shaka. Kila walipopita aliona majengo ya watu wa kale, mahekalu na makaburi, mawe makubwa yaliyopangwa kwa jiometri isiyo na kombo. Usione vyaelea, vimeundwa, na yeye alikuwa mjuzi wa kutambua kilichoundwa. Akawaza kwamba watu waliokuwa na ufundi kama ule, na ambao waliishi kwa mto huo huo maelfu ya miaka, hawakukosa kuliwaza jambo analoliwaza yeye. Ikiwa lilikuwa rahisi, mbona hawakulifanya?

Lakini hakurudi kwa wazo hilo peke yake, na hapa ndipo ninapomheshimu. Aliendelea mpaka mahali paitwapo al-Janadil, kusini ya Aswan, ambapo mto hupita baina ya majabali kwa vishindo. Alipakagua. Alitazama ng'ambo hii na ng'ambo ile, akapima, akajaribu, akaona kwamba nchi haikuwa kama alivyohadithiwa na maji hayakuwa ya kuamrishwa kwa zana alizokuwa nazo. Fundi wa leo atalifahamu hilo mara moja. Mtu wa zama zile alikuwa na mawe, chokaa, kamba na migongo ya watu. Mto humpa miezi michache tu ya maji machache kufanya kazi, kisha furiko la mwaka linakuja kukikagua kila alichokijenga, na ukaguzi wa furiko hauna huruma.

Sasa alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa nyepesi, nayo ndiyo wanayoifuata wengi mpaka leo. Angeweza kuanza kazi. Angechimba, angepanga mawe, angeajiri maelfu ya watu, angetuma barua Kairo kila mwezi kwamba mambo yanakwenda vizuri, na furiko lingekuja kubomoa, naye angelilaumu furiko. Hazina ingemwagika na watu wangekufa majini, naye angekula mshahara miaka kumi. Njia ya pili ilikuwa kurudi kwa Khalifa yule yule aliyemlaki njiani, na kumwambia kwamba ahadi ilikuwa kubwa kuliko mwenye kuahidi. Wahenga walisema ahadi ni deni. Ibn al-Haytham akachagua kurudi na deni lake hadharani.

Khalifa akaupokea udhuru wake, au alionekana kuupokea, akampa kazi katika diwani ya serikali. Aliikubali kwa hofu, si kwa mapenzi. Kila alipomtazama bwana wake, alikumbuka kuwa radhi ya mtawala inaweza kugeuka kabla ya alasiri. Hapo akatumia hila ambayo ndiyo iliyowafurahisha wasimulizi mpaka leo. Akajitia wazimu. Mali yake ikawekwa chini ya wasimamizi, naye akafungiwa nyumbani mwake, akaachwa. Alikaa katika hali hiyo mpaka mwaka 1021, usiku ule al-Hakim alipotoka kuelekea milima ya Muqattam asirudi tena. Ilipothibitika kuwa Khalifa hayupo, akili za bwana Hasan zikamrudia asubuhi moja kama mtu aliyeamka usingizini!

Uaminifu wanidai niseme kwamba Ibn al-Qifti aliyaandika haya takriban miaka 200 baada ya tukio. Naye Ibn Abi Usaybia, aliyeandika habari za matabibu katika karne hiyo hiyo, ameipokea pia riwaya nyingine, ambayo ndani yake wazimu ule wa kujitia ulitokea Basra, ili aepukane na kazi ya serikali apate kusoma. Riwaya zote mbili zinakubaliana katika jambo moja, kwamba mtu huyu aliona ni heri aitwe mwendawazimu kuliko kuishi katika kazi ambayo moyo wake hauiamini.

Baada ya kufunguliwa alirudishiwa mali yake, akakaa kwenye kuba karibu na mlango wa msikiti wa al-Azhar. Inasimuliwa kwamba kila mwaka alinakili kwa mkono wake kitabu cha Euclid, kitabu cha falaki cha Batlamyus na vingine vya hesabu, akaviuza kwa dinari 150, na hizo ndizo zilizokuwa riziki yake ya mwaka mzima. Mtu aliyelakiwa na Khalifa akawa anakula jasho la kalamu, na hatusikii popote kwamba alilalamika.

Vitabu alivyoandika mwenyewe vimehesabiwa kuwa zaidi ya 90. Kikubwa ni Kitabul Manadhir, chenye sehemu saba, kuhusu kuona. Wengi wa wakubwa wa Kiyunani walishikilia kwamba jicho ndilo linalotoa miale ikaenda kukigusa kitu. Yeye alionyesha kuwa mwanga ndio unaotoka kwenye kitu ukaingia jichoni, na akatumia dalili ambazo hata mtoto angeziweza. Mtu akilitazama jua, jicho huuma. Kwa nini liume, ikiwa kazi ni kutoa na si kupokea? Tena alipanga taa kadhaa mbele ya tundu la chumba cha giza, na ndani ukutani yakaonekana madoa ya mwanga kwa idadi ya taa. Akiziba taa moja, doa lake moja hutoweka na mengine hubaki. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini, kikachapishwa Basel mwaka 1572, na wanavyuoni wa Ulaya wakajifunza humo. Irak nayo iliweka sura yake katika noti ya dinari 10,000 iliyotolewa mwaka 2003, na mwaka 2015, uliofanywa na Umoja wa Mataifa kuwa mwaka wa mwanga, jina lake lilitajwa duniani kote.

Kitabu kingine, kidogo lakini kikali, ni cha shaka zake juu ya Batlamyus. Humo anafundisha kwamba mwenye kuitafuta haki hafai kuwaamini wakubwa waliotangulia kwa kuwa tu ni wakubwa. Inampasa ayapekue maneno yao kila upande, na aishuku pia nafsi yake mwenyewe anapoyapekua. Nakiona hicho kuwa ni kitabu cha mtu aliyewahi kusimama al-Janadil. Huko Aswan mtu wa kwanza aliyemtia shakani hakuwa Batlamyus, alikuwa ni al-Hasan wa Basra aliyesema neno kubwa akiwa mbali na mto.

Je, alikosea? Swali hili ni la haki, maana Mto Nili ulikuja kuzuiwa, tena huko huko Aswan. Mwaka 1902 Waingereza walimaliza bwawa la kwanza la mawe. Wao walikuwa na chuma na mvuke, lakini nao hawakuthubutu kulikinga furiko. Waliweka milango 180, wakaifungua furiko lipite na tope lake, wakazuia maji ya mwisho tu. Bwawa Kuu lilianzwa mwaka 1960 na kumalizika mwaka 1970, zama za Jamal Abdel Nasser, kwa msaada wa fedha na wahandisi wa Urusi ya wakati huo. Urefu wake ni mita 3,830, kimo chake mita 111, na ndani yake mna kiasi cha mita milioni 43 za ujazo za mawe, mchanga na udongo. Baina ya ahadi ya Ibn al-Haytham na bwawa hilo imepita miaka 950 na zaidi.

Na hata bwawa hilo halikukosa wenye shaka, wala shaka zao hazikuwa za bure. Wanubi wapatao 100,000 wa Misri na Sudan walihamishwa makwao, na makaburi ya wazee wao yakabaki chini ya maji. Tope lililokuwa likirutubisha mashamba bila ya malipo likazuiwa nyuma ya ukuta, na mkulima akalazimika kununua mbolea. Lakini wakati wa ukame mkali wa miaka ya 1980, ulioleta njaa Uhabeshi, maji yaliyowekwa akiba nyuma ya ukuta huo ndiyo yaliyoinusuru Misri. Waliosema litafaa walisema kweli, na waliosema litadhuru nao walisema kweli.

Kwa hivyo naona shaka ziko namna mbili. Ipo shaka ya barazani, ya mtu aliyeegemea mto wa sufi na kahawa yake, ambaye kila akisikia daraja au reli au mtambo husema haiwezekani, na hajanyanyuka hata mara moja kwenda kutazama. Huyo hana faida, na mara nyingi dunia humpita. Na ipo shaka ya al-Janadil, ya mtu aliyekwenda kwa tamaa ya kuweza, akapima, na kipimo kikamwambia hapana. Huyu ni wa kushukuriwa, kwa kuwa kila mwenye kujenga baadaye hujenga juu ya ukweli wake. Kuna namna ya tatu, nayo si shaka bali ni ugonjwa wa kusifu kabla ya kuona, na ndio niliougua mimi.

Miaka mingi iliyopita, katika mji mmoja wa pwani nisioutaja, walikuja watu na michoro mizuri. Wangechimba visima virefu karibu na ufuo, watie pampu zenye nguvu, na mji mzima upate maji matamu usiku na mchana. Nikaombwa shairi la kuufungua mradi. Nikatunga beti kumi na mbili, vina vyake vimetulia, mizani haipungui wala haizidi. Kabla sijasimama kusoma, mzee mmoja mchimba visima alinishika mkono. Akaniita mwanangu, akanieleza taratibu kwamba maji matamu ya pwani yamekaa juu ya maji ya chumvi mfano wa samli juu ya mchuzi. Ukiyateka kwa ndoo huja ya juu, lakini ukiyavuta kwa nguvu huja ya chini. Akanisihi niende naye nikaonje kisima cha majaribio. Nikamjibu kwa adabu, lakini moyoni nilimwona mzee asiyependa maendeleo. Nikasoma shairi langu, nikapigiwa makofi.

Haikutimia miaka mitatu, sabuni ikawa haitoi povu katika mji ule. Si visima vipya tu vilivyoingia chumvi, na vya zamani vilivyokuwa jirani navyo viliharibika, pamoja na kisima cha msikiti walichokitumia watu tangu zama za mababu zao. Waliochora michoro walikuwa wamekwisha kuondoka. Shairi langu lilibaki, na watoto wa skuli walikuwa wamelihifadhi kwa moyo.

Nilikwenda kwa yule mzee kumtaka radhi. Hakunilaumu wala hakujisifu. Aliniuliza tu kama lile shairi bado ninalo. Nilipomjibu kuwa ninalo, akaniambia nisilichane, nilitunze. Sikumfahamu siku ile. Nilimfahamu niliposoma habari za Ibn al-Haytham, mtu ambaye neno lake la Basra lilimwekea mtego, na miguu yake iliyomfikisha al-Janadil ikamwokoa. Basi karatasi ile ninayo sandukuni, na kila ninapoombwa kusifu jambo kubwa linalokuja, huitoa nikaisoma kwanza, kisha nikauliza gari la kunipeleka mahali penyewe linaondoka saa ngapi.

Al-Hasan bin al-Haytham alifariki Kairo karibu na mwaka 430 wa Hijra, yaani 1039 au 1040. Mwenyezi Mungu amrehemu, na amrehemu na yule mzee wa visima, ambaye hakuwahi kuandika kitabu.